Rangi Tuliyoipaka Baada ya Ajali ya Baukje

Ko. Kimya. Halafu ko tena.

Mgeni rasmi, Bi Wijnanda Terpstra, diwani wetu wa barabara na usafi: huo ni mkongojo wa jirani yetu Baukje ukishuka ngazi gizani, kabla hata birika la kwanza la kahawa halijachemka mtaani. Kuta zetu ni nyembamba. Akishuka yeye, tunashuka naye sote, na wako watu wazima hapa ambao wakiusikia mlio huo hujifunika shuka gubigubi. Leo tunataka kukueleza kwa nini.

MAKARIBISHO

Karibu sana Turfkade. Kahawa ipo. Biskuti ni moja kwa kila mtu kama kawaida, ila wewe utapewa mbili. Tunajua umekuja kutukabidhi tuzo ya mtaa uliotunzwa vizuri kuliko yote, pamoja na benchi lile lililofunikwa turubai. Tunashukuru kwa moyo wote. Tunakuomba tu usilifunue kwanza.

HISTORIA YA MTAA

Tuna safu mbili za nyumba za matofali, mfereji katikati, na njia ya baiskeli ukingoni mwa maji. Desturi yetu ni kwamba siku ya usafi hatumsubiri mtu wa manispaa. Tunatoka na mafagio, tunazoa majani, tunagongelea misumari, tunapaka rangi. Kitu kikiharibika mbele ya macho yetu, mikono inatuwasha hadi kitengenezwe. Ndivyo tulivyolelewa.

MAFANIKIO

Maua yapo madirishani, nawe umeyaona. Ngazi za mfereji hazitelezi tena. Na katika barua yako ya pongezi umeisifu ile nguzo fupi iliyo katikati ya njia ya baiskeli, inayozuia magari yasipite, kwa jinsi mistari yake myekundu na myeupe inavyong'aa. Mistari hiyo tuliipaka sisi wenyewe.

Mgeni rasmi, mafanikio yetu yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Baukje kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwavisha wazee majumbani. Novemba, asubuhi ya ukungu mzito, alitoka na baiskeli yake ya sanduku, bintiye Hiske akiwa amekaa mbele ndani ya sanduku. Nguzo ile wakati huo ilikuwa saruji tupu, rangi ya ukungu wenyewe. Hakuiona, akaigonga. Hiske alirushwa majanini, akapona. Mama yake alivunjika nyonga na paja.

Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kituo cha mazoezi ya viungo, na hakurudi mtaani karibu majira yote ya baridi. Hiske tulimlea kwa zamu. Jumamosi iliyofuata ajali ilikuwa siku yetu ya usafi. Mzee Oense, fundi wa rangi za mashua aliyestaafu, alisema, "Haitamuumiza mtu mwingine hii," akaenda kuchukua makopo yake. Oense hapaki kitu bila kukipiga msasa kwanza. Akaisugua ile nguzo hadi kila alama ya baiskeli ikatoka, kisha tukaipaka mistari. Tulimpigia makofi.

Baadaye mkaguzi wa manispaa alikuja kupiga picha. Picha inaonyesha nguzo inayowaka kama taa. Baukje alipodai fidia akiwa bado kituoni, mawakili wa manispaa walijibu kwa picha hiyo: nguzo ilionekana wazi, mwendesha baiskeli alizembea. Shauri linasikilizwa Alhamisi ijayo. Akishindwa, hana kazi ya kurudia, na ngazi zile ataendelea kuzishuka hivyo hivyo.

Nasi tulinyamaza. Tuliogopa faini ya kugusa mali ya manispaa bila kibali. Nyumba tunazoishi ni za manispaa pia, na hilo halikututoka akilini. Picha ya nguzo ya kijivu hatuna. Nani hupiga picha ya nguzo?

Lakini Baukje mwenyewe hakujua lolote. Alirudi Februari, akaiona nguzo ina mistari, akaamini ilikuwa hivyo tangu mwanzo, maana hakuwahi kuitazama kwa makini. Akaanza kuyaogopa macho yake. Hakukubali tena kumshika Hiske mkono barabarani. Usiku alikuwa akimwomba mtoto msamaha, na mtoto, ambaye sisi tulimwambia kuwa rangi ile ni siri ya mtaa, alikuwa akigeukia ukutani. Tuliyasikia hayo pia. Kuta ni nyembamba.

Jumapili iliyopita tulimwita jikoni kwa Oense.

"Mama, keti," Oense alimwambia. "Si hicho, hicho kina mguu mbovu."

"Babu, wewe una kiti kibovu? Basi dunia imekwisha," Baukje akacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Jirani mmoja alinong'ona, "Oense, fikiria vizuri. Tukifukuzwa utatulaza wapi, ndani ya makopo yako?"

"Nitawapanga kwa rangi," Oense akasema. Kisha akasema yote.

Baukje alisikiliza hadi mwisho. Hakutukana mtu. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mimi sikuwa kipofu?"

Mgeni rasmi, ndiyo sababu unasomewa risala hii na si ile tuliyokuwa tumeiandaa.

MAOMBI

Tunaomba uichukue karatasi hii, yenye majina na saini zetu, uwafikishie mawakili wa manispaa kabla ya Alhamisi. Ukikwangua nguzo kwa ufunguo wako utakuta kijivu, lakini rangi haisemi ilipakwa lini. Tunaojua ni sisi, na tuko tayari kusimama mahakamani tukaseme. Faini ikija, tutaigawana. Kuhusu nyumba, tunakuomba kama binadamu, na hatufichi kwamba tunaogopa.

Benchi urudi nalo. Au libaki, ila liwekwe mlangoni kwa Baukje, apumzike akishafika chini.

Mungu akulinde njiani wewe na wanao, akupe usingizi mwema usiku utakapokuwa ukiamua. Atujalie nasi tuusikie mkongojo ule bila kujificha.

Ni sisi,
Wakazi wa Turfkade, pande zote mbili za mfereji.

Nafasi iliyobaki tumemwachia Hiske. Tumemwambia siri imekwisha. Amesimama kando ya mama yake, amemshika mkono, na anasema mwenyewe, kwa sauti:

"Nguzo ilikuwa ya kijivu."