Sawa ya Rubani Msaidizi

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kinyozi na duka la fundi cherehani tunayemwita Sindano. Lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayekaa upande wangu huinama na kuonekana anasikiliza kwa makini, hata kama hasikii kitu. Siku hiyo upande huo alikaa Betri, fundi simu, redio sikioni na bisibisi mkononi. Katikati alikaa Gia, dereva mstaafu wa malori, sasa ana teksi yake kuukuu. Mama Birika alikuwa akimimina kahawa. Sindano hakukaa kabisa. Alikuwa akienda na kurudi, futi ya kupimia shingoni, maana ndege ya jana ilipotea njia na binti yake alikuwamo. Wawili hao hawajaonana tangu baba alipomkataa mkwe na kumwambia binti asikanyage tena kizingiti chake. Juzi binti akapiga simu: narudi, nikimkuta mtu wa nyumbani pale wanapotokea abiria, nitajua umenisamehe. Abiria walilazwa mji mwingine, wanaletwa leo mchana.

Sindano: Betri, hebu nieleze tena. Ndege inapoteaje? Ina macho mbele, ina watu wawili wanalipwa!

Betri: Mzee, kabla ya kuruka rubani anaandika njia kwenye kompyuta, kituo baada ya kituo cha huko angani. Msaidizi wake anakagua, analinganisha na karatasi. Huyu alikosea herufi moja. Kumbe kuna kituo kingine, jina karibu lile lile, upande wa milimani. Kompyuta ikakubali.

Sindano: Na msaidizi?

Betri: Akaulizwa, "Umekagua?" Akajibu, "Sawa."

Sindano: Aliangalia?

Betri: Alisema sawa.

Sindano: Nimeuliza kama aliangalia!

Betri: Hawakujua wamepotea mpaka waongoza ndege walipowapigia kelele. Wakageuza, mafuta hayatoshi, ndiyo wakatua kule.

Gia: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wangemwacha mmoja tu.

Mama Birika: Na huyo mmoja akisinzia, aendeshe nani? Anayegawa soda?

Gia: Mimi nimeendesha lori bila kompyuta. Nikifika njia panda nashusha kioo, nauliza. Kuuliza si ujinga.

Mama Birika: Huko juu utamuuliza nani, kunguru?

Betri: Jamani, mimi namtetea rubani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yeye kazunguka. Basi ni mkweli.

Sindano: Mkweli! Mwanangu kalala kwenye kiti cha chuma kama mzigo usio na mwenyewe, wewe unaniambia mkweli!

Nilimwambia mteja wangu asitikisike. Nilikuwa nakaribia kumkata sikio kwa hasira za watu wengine.

Sindano: Gia, mbona bado umekaa? Si nilikutuma asubuhi ukampokee?

Gia: Teksi imegoma breki, ndugu yangu. Usihofu, nimeshapanga mtu. Mtu wa uhakika, ana pikipiki. Betri, ile yetu sawa?

Betri: Sawa kabisa.

Sindano: Sawa?

Gia: Si umesikia? Sawa.

Sindano akashusha pumzi. Tulishamuuliza kwa nini asiende mwenyewe, akasema atalia mbele za watu, na mtu mzima halii mbele za watu. Mimi nikaendelea kunyoa.

Gia: Dawa ni milima ipakwe chokaa. Rubani akiona cheupe mbele, anakata kona.

Betri: Dawa ni miji yenye majina ya kufanana ipigiwe kura, mmoja unyang'anywe jina.

Mama Birika: Nyie hamjui kitu. Kila ndege apandishwe mama mkwe wa rubani, akae nyuma yake. Mbele ya mama mkwe nani atasema sawa bila kuangalia?

Hapo hata Sindano alicheka. Ni kicheko kizuri, nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Akasema yule msaidizi angekuwa mwanagenzi wake wa cherehani, angemfumulisha suruali nzima ajifunze kwamba kupima si kusema umepima.

Mama Birika alikuwa ameinamisha birika mpaka mwisho, inadondosha masimbi ya kahawa, tuliposikia mkwaruzo wa sanduku barabarani. Lilikuwa na gurudumu moja. Mwanamke aliyelivuta alikuwa na vumbi hadi magotini, na uso ule ule wa Sindano, kasoro ndevu.

– Shikamoo, baba.

– Mara... marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?

– Na miguu yangu.

Sindano akamgeukia Gia. Gia akamgeukia Betri.

– Betri! Si nilikuambia asubuhi umtume yule kijana wako wa pikipiki akampokee, ukasema sawa?

– Mimi? Nilikuwa na redio sikioni! Nilidhani unaulizia simu yako, kama imepona!

– Na hapa sasa hivi? "Ile yetu"?

– Simu!

– Simu yangu ni "yetu" tangu lini?

Walikuwa wanataka kuendelea. Binti aliachia mpini, sanduku likaanguka ubavu, akatutazama mmoja mmoja, hata mimi na wembe wangu.

– Nilisimama pale wanapotokea abiria mpaka wote wakaisha. Mfagiaji akaniuliza namsubiri nani, nikaona aibu kumjibu. Baba zangu, niambieni nyie. Nilikuwa namsubiri nani?

Betri akazima redio. Gia akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu. Mimi, niliyesikia kila sawa iliyosemwa pale tangu asubuhi, nikajifanya nafuta wembe.

Sindano akainama kulinyanyua lile sanduku, likamshinda, akabaki ameinama vile vile, mabega yakimtikisika, analia mbele za watu.