Amina Niliyoingoja kwa Hajji

Bwana asifiwe, ndugu zangu!

Asanteni! Mmeitikia Amina bila hata kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya. Lakini mimi nina miezi mitatu sijasimama hapa mbele, na sababu yake ni hiyohiyo Amina. Naomba mnivumilie niwaeleze.

Kwa wasionijua, mimi ni Filda Akello, baba yangu alikuwa sajini, nimezaliwa kambini kule Mbuya. Mimi ni mtu wa kuuliza. Watoto wa kambini waliniita Kwanini. Nilitaka kujua kwa nini askari huanza na mguu wa kushoto, na kwa nini paka wa jikoni kwa wapishi hanenepi. Mama alichoka na mimi mapema sana.

Basi, niliitwa kwenye usaili wa kazi Kawempe, ofisi ya kusafirisha mizigo. Walitaka mtu wa mapokezi anayejua Kiswahili vizuri, kwa sababu wateja wao ni Wakenya na Wakongo. Ndugu zangu, nilijiona nimeshafika! Kiswahili ndiyo lugha ya askari wetu, nimekinyonya kambini. Nilifunga siku mbili, nikapiga pasi gauni, nikaenda.

Mezani walikaa watatu: dada mmoja na kompyuta yake, kaka mmoja mwenye tai, na katikati mwenye ofisi, mzee Mnubi mwenye kofia nyeupe, wote wanamwita Hajji. Wakaniambia nijitambulishe. Sijui hofu ilinishika wapi, nikasikia miguu yangu inasimama yenyewe na mkono unapanda juu. “Bwana asifiwe! Kwa jina naitwa Filda Akello, nimeokoka, nampenda Yesu kama Mwokozi wangu!” Vilevile kama tunavyosema hapa kila Jumapili.

Halafu nikanyamaza. Ndugu zangu, nilikuwa nangoja muitikie!

Feni inazunguka. Dada wa kompyuta akaangalia vidole vyake. Hajji akainamisha kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi. Ndipo nikakumbuka niko wapi, nikakaa.

Maswali mengine niliyajibu vizuri, namshukuru Mungu. Wakaniuliza nitafanyaje mteja akija anapiga kelele kwamba mzigo wake umepotea, nikajibu mpaka kaka wa tai akatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini hayo yote sikutoka nayo. Nilitoka na ile dakika moja tu.

Kazi sikupata. Na ile dakika ikahamia kwangu. Nachuja chai, naiona. Nafua, naiona. Nilijiuliza, akili hii imeumbwaje, ikitupa dakika ishirini nzuri na kubaki na moja mbaya? Nani anaichagulia? Nikaanza kuogopa kusimama popote. Ofisi nyingine ikaniita huko Mbuya karibu na nyumbani, sikwenda, nikamdanganya Mama kwamba waliahirisha. Na hapa kanisani, mkiitwa watu wa ushuhuda, nilikuwa nainama kama natafuta kitu chini ya kiti. Hilo ndilo lililoniumiza. Sikuweza hata kusema Bwana asifiwe! Nikajiuliza, je, nimemwonea Bwana aibu? Nililia, ndugu zangu.

Nikaomba Mungu anisahaulishe. Niliomba wiki nzima. Hakunisahaulisha! Badala yake asubuhi moja, niko magotini, likanijia swali jepesi kabisa: yule mzee aliandika nini? Sikuwa na hofu. Nilitaka kujua tu, kama zamani nilipokuwa Kwanini. Nikasimama nikavaa viatu.

Mama akaniuliza, “Wewe Filda, kazi walishapea mtu. Sasa unaenda kuuliza nini huko? Karatasi?”

Nikamwambia ndiyo, karatasi.

Nilimkuta Hajji ofisini anakunywa chai ya tangawizi. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikamwambia sikuja kuomba kazi. Nimekuja kuuliza aliandika nini siku ile niliposimama. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akapekua, akanisogezea karatasi yangu. Pembeni ya jina langu palikuwa na maneno mawili: Anangoja nini?

“Hata mimi hii kitu ilinisumbua, mwanangu,” akasema. “Ulimaliza kuongea, ukasimama tu, unatuangalia. Nikauliza hawa wawili, hawajui. Ulikuwa unangoja nini?”

Nikamwambia nilikuwa nangoja waseme Amina.

Hajji alicheka mpaka kofia ikaenda upande! Alimwita yule dada wa kompyuta aje asikie. Akasema, “Ni Amin tu? Hata sisi tunasema Amin! Ungesema, ningekuitikia palepale.” Akaweka kikombe chini, akakaa sawasawa, akaniambia, “Haya. Amin.”

Na kazi? Walimpa mwingine kwa sababu anajua Kilingala. Basi! Miezi mitatu nimejihukumu, kumbe kosa langu ni kutojua Kilingala! Na mzee wa watu naye alikaa anajiuliza kuhusu dakika ileile, kila mtu upande wake.

Nilitoka pale nimefunguliwa, ndugu zangu. Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia kwa furaha. Nilimwomba Mungu anisahaulishe, naye akanirudishia mdomo wa kuuliza alioniumba nao. Utukufu ni wake!

Kama kuna mtu hapa ana dakika yake inamtafuna, mpelekee Bwana leo. Usimchagulie namna ya kukutoa humo. Akikuambia nenda kaulize, vaa viatu.

Jumanne nimeitwa kwenye usaili wa kazi, hosteli ya wanafunzi Kyambogo. Naogopa, siwafichi, lakini nakwenda. Naombeni tu niyamalize yote hapa, salamu na Amina yake, kabla sijaenda, nikifika kule nisibaki nimesimama.

Bwana asifiwe! Kwa jina naitwa Filda Akello, nimeokoka, nampenda Yesu kama Mwokozi wangu.

Nawangoja.