Kondoo wa Wakwe na Kamera ya Getini

Kijiwe chetu kipo Sokon One, pale ukuta wa mashine ya kusaga unapokata kona kuelekea soko dogo. Ni benchi moja refu, gogo moja la mkaratusi, na Yoeli na birika lake la kahawa. Jumamosi hiyo ya mwezi wa saba baridi ilikuwa imeshuka, mlima Meru umejifunika mpaka mabegani, na sisi tumebanana kama vifaranga. Alikuwepo Sylvanus, tunayemwita Profesa kwa sababu aliwahi kuendesha wageni wa mikutano, na mpaka leo anajua kila kilichosemwa ukumbini wakati yeye alikuwa nje kwenye maegesho. Alikuwepo Ephraimu wa bodaboda, jina lake Toyo, sawa na pikipiki yake. Alikuwepo Solomoni, mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye tunamwita Mheshimiwa ili atununulie kashata. Na mimi wananiita Redio, eti sizimwi. Uongo mtupu, ila tuendelee. Tukiwa hapo akaja mzee Lemayian, shuka limempanda mpaka puani, akakaa kwenye gogo, akaligeuzia soko mgongo.

Toyo: Shikamoo mzee.

Lemayian: Marahaba. Usinitaje kwa sauti.

Toyo: Mzee, mbona umejikunja hivyo? Malaria?

Lemayian: Ingekuwa malaria ningekwenda hospitali. Nina safari ya hapo getini, na siwezi kwenda.

Kisa hicho sote tulikuwa tunakijua. Mwezi uliopita pale kwenye geti la soko ilifungwa kamera, si zile za kurekodi tu, hii inatambua sura. Inakutazama, inakulinganisha na watu wanaotafutwa, ikikufananisha inalia. Jumamosi iliyopita mzee Lemayian alipita na galoni lake la maziwa, ikalia. Mgambo wakamkamata. Mashine ilisema yeye ni mtu mmoja wa Momela anayetafutwa kwa wizi wa ng'ombe. Na kwa nini yeye? Kwa sababu mzee ana zile alama mbili za duara mashavuni, walizochomwa watoto wa Kiarusha zamani kwa pete ya chuma cha moto, na mwizi naye anazo. Wazee wa rika lake karibu wote wanazo! Alikaa kwenye kibanda cha mgambo mpaka mchana, maziwa yakachacha, mpaka mchungaji alipokuja kusema huyu ni mzee wa kanisa langu. Mimi niliumia sana siku ile, sitaficha.

Profesa: Si umwite mchungaji tena?

Lemayian: Yuko Maji ya Chai, anazika.

Toyo: Kwani lazima uende leo?

Lemayian: Leo saa saba wakwe wanakuja. Wanatoka Machame kumposa binti yangu Soila. Dume langu la kondoo liko humo sokoni, nimeshalichagua, limefungwa kwa Yiamat muuza mifugo.

Toyo: Basi tulia mzee wangu, mimi nalifuata sasa hivi. Nalipakia kwenye toyo, dakika sifuri.

Lemayian: Wewe ni baba yake Soila?

Toyo: Hapana.

Lemayian: Kwetu kondoo wa wakwe haletwi na mtu wa kutumwa. Baba wa binti anamshika kamba mwenyewe, wakwe wakiona. Nikimtuma mtu nimesema binti yangu ni mzigo wa kupakia.

Toyo akaomba radhi, akanywa kahawa yake kwa adabu. Lakini kijiwe chetu hakijawahi kuacha tatizo la mtu lipumzike.

Profesa: Jamani, hii kitu ni hesabu tu. Sura yako inageuzwa namba. Kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi kidevu. Sasa mzee ana yale maduara. Kamera imehesabu macho manne. Mwizi naye macho manne. Nne kwa nne, imefunga hesabu.

Mimi: Kwa hiyo afanyeje?

Profesa: Avae miwani yangu. Atakuwa na macho sita. Mashine itachanganyikiwa, ijizime.

Lemayian: Nikivaa miwani yako nitamwona kondoo wapi? Nitarudi na mbwa.

Toyo: Mzee, mimi nakwambia paka mafuta. Shavu likiteleza, kamera inateleza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, sasa wewe ukificha shavu utapataje mjukuu?

Mimi: Methali hiyo na shavu wapi na wapi?

Toyo: Methali ni kama helmeti, inamtosha yeyote.

Mimi: Apite kinyumenyume. Itadhani anatoka.

Lemayian: Na kondoo je?

Mimi: Naye kinyumenyume.

Mzee akacheka ndani ya shuka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mheshimiwa hakucheka. Alikuwa ameshikilia kikombe kwa vidole viwili, namna ya watu wanaosubiri kupewa nafasi ya kuhutubia.

Mheshimiwa: Ndugu zangu, mnachekea kitu cha maendeleo. Anayeficha uso getini anakamatwa kwa kuficha uso. Na mtu kama hana kosa, anaogopa nini?

Lemayian: Solomoni, mimi nilikuwa na kosa gani?

Mheshimiwa: Hukuwa nalo, mzee wangu. Ndiyo maana uliachiwa.

Lemayian: Niliachiwa baada ya watoto wa shule ya Jumapili kunichungulia kwenye kibanda. Wale mgambo nawajua, mmoja nimemshika kwenye ubatizo. Namwambia mimi ni Lemayian. Ananiambia babu, mashine haidanganyi. Akaiamini mashine, mimi ninayejijua hakuniamini.

Mheshimiwa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Mkuu ni nani hapo, kamera?

Mheshimiwa: Tangu imefungwa, kuku hawajaibiwa mtaa huu.

Mimi: Kuku waliisha kabla haijafungwa, Mheshimiwa. Kuna kuku gani wa kuibiwa?

Toyo: Mimi shida yangu si kuku. Wanaanza na sokoni. Kesho wataifunga pale bondeni. Chalii yangu, ukipita pale baa na mtu si mke wako, inalia.

Profesa: Hiyo ndogo. Wataifunga kanisani. Ukipiga mwayo kwenye mahubiri, ripoti inafika Dodoma.

Toyo: Ukisinzia?

Profesa: Ukisinzia inampigia mkeo.

Mimi: Mimi nimesikia inasoma tumbo. Jirani akipoteza mbuzi, inatazama nani amenenepa.

Toyo: Noma! Bibi yangu kule Momela vidole vyake vilikataliwa alipokwenda kusajili laini, jembe limekula alama zote. Sasa wakisema tutumie sura, yeye sura nayo imekunjamana. Si watamwambia hayupo?

Profesa: Haba na haba hujaza kibaba. Leo wamechukua vidole, kesho sura, keshokutwa wanakuja na beseni wachukue kivuli.

Yoeli, ambaye kazi yake ni kumimina na si kusema, akasema kivuli chake hakitoki kijiweni bila kulipiwa. Tukacheka mpaka kashata zikadondoka.

Profesa: Lakini tuache utani. Ng'ambo kuna miji imeikataza serikali yake kutumia vitu hivi. Si kwamba wanapenda wezi. Wamesema anayeutaka uso wa mtu kwanza aeleze sababu, na mashine peke yake isimfunge mtu.

Mheshimiwa: Hayo uliyasikia wapi?

Profesa: Mgeni aliyasema kwenye simu, ndani ya gari langu.

Mheshimiwa: Sasa sisi si ng'ambo. Sisi tulifanya mkutano wa hadhara, uwanjani, mchana kweupe. Mtaa mzima ulikubali. Wewe Profesa ulinyoosha mkono. Redio alinyoosha. Na huyu mzee Lemayian mkono wake ulikuwa wa kwanza, nauona mpaka leo.

Lemayian: Kweli, nilinyoosha.

Mheshimiwa: Mmeona? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tunao, tukaweka kamera.

Niliutazama mkono wangu wa kulia. Ni kweli tulinyoosha.

Sasa, tangu Profesa alipoanza habari za miwani alikuwa amekuja mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge kizuri cha kushonwa, na kikapu cha ndizi kimefunikwa kwa majani. Aliomba kahawa, tukasogea, akakaa mwisho wa benchi. Kijiweni petu mtu mwenye kikombe cha moto haulizwi ametoka wapi. Alikuwa anakunywa kidogokidogo, anasikiliza. Hapo ndipo akakohoa.

Mama: Samahani jamani, mimi mgeni. Naomba kuuliza.

Mheshimiwa: Uliza mama, kijiwe ni cha wote.

Mama: Siku hiyo mliponyoosha mikono, mliulizwa nini?

Toyo: Kuhusu usalama.

Mama: Hiyo ni mada, baba. Mimi nauliza swali lenyewe mliloulizwa.

Toyo: Aaa. Mimi nilikuwa na abiria, nilisimama kidogo tu.

Profesa: Mimi nilichelewa. Nilikuta mikono iko juu, nikaongeza wangu.

Mimi: Mimi nilijua ni taa za barabarani.

Mama: Na wewe mwenyekiti, uliuliza nini?

Mheshimiwa: Mimi nilipewa karatasi nisome. Nikasoma.

Mama: Ilisemaje?

Mheshimiwa: Ilikuwa ndefu.

Akajikuna shingo. Mzee Lemayian akashusha shuka mpaka mabegani, maduara yake mawili yakapata jua la asubuhi.

Lemayian: Mimi nakumbuka. Tuliambiwa wanaotaka mtaa salama wanyooshe mikono. Sasa ni baba gani hataki? Nikanyoosha. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwa mwizi wa Momela.

Mheshimiwa alitazama viatu vyake, na kwa kuwa namjua tangu utoto, nikajua kimemwingia.

Mama: Ahsanteni. Sasa nielekezeni. Gari letu limewahi, wenzangu wamebaki kule barabarani wakishusha mizigo. Namtafuta mzee mmoja, baba yake Soila. Mimi ni Aika, mama yake Abdiel.

Toyo alipaliwa na kahawa. Mzee Lemayian alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama mkwe alikuwa amesikia yote, kibanda cha mgambo, miwani ya Profesa, hata kinyumenyume.

Lemayian: Mkwe. Umenikuta vibaya. Kondoo wako sijamleta.

Aika: Mkwe, nimekukuta unasema kweli mbele za watu. Nitawaambia nini wa nyumbani zaidi ya hiyo? Nenda kamlete. Nitakaa hapa nikuone ukija.

Mheshimiwa akaweka kikombe chini na kuvaa kofia yake.

Mheshimiwa: Twende mzee. Leo mashine ikilia, nitajibu mimi.

Tukaondoka kijiwe kizima, Yoeli tu ndiye alibaki na birika na mama mkwe. Mzee Lemayian akatangulia, shuka begani, uso wazi. Tulipofika getini kamera ikamtazama, ikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Mgambo wawili wakatoka mbio. Mheshimiwa akasimama katikati, akapandisha sauti ile ya mikutano: huyu ni Lemayian, namfahamu, baba yangu alimfahamu, na nyie mnamfahamu, rudini kibandani kwenu! Mmoja wao, yule wa ubatizo, akainama akasema shikamoo babu. Mzee akaitikia marahaba na kupita.

Alipotoka alikuwa na dume lake, jeupe, mkia mnene umejaa mafuta, na kamba ameizungusha mkononi mwake mwenyewe. Jamani, kutembea kule! Nilifurahi mpaka nikatamani na mimi ningekuwa na binti wa kuposwa. Wanawake wa mboga walipiga vigelegele, Toyo akawa anapiga honi ya mdomo, na Mheshimiwa akawa anapungia watu mkono kama vile kondoo ni wake.

Aika aliinuka kutoka kwenye benchi kumpokea mkwe wake. Akamgusa kondoo kichwani, akaridhika.

Mheshimiwa: Umeona mama? Hapa kwetu mambo yanaisha hivi. Mwenyekiti akiwepo, hakuna shida.

Aika: Nimeona, na Mungu akubariki. Na Jumamosi ijayo, mkwe wangu akifuata chumvi tu humo sokoni, wewe ukiwa kazini?

Mheshimiwa alivua kofia yake. Akamgeukia Profesa, ambaye tangu nimjue hajakosa jibu, na Profesa akawa anafuta miwani. Toyo akakumbuka ana abiria. Mimi nilimwangalia Yoeli animiminie, Yoeli akainamisha birika, likatoa tone moja na machicha ya kahawa.

Mzee Lemayian akatuangalia mmoja mmoja.

"Basi, mkwe," akasema, "nitazoea kula bila chumvi."

Akacheka. Alicheka peke yake.