Etelvina Otiniano na Viatu vya Kila Desemba

Baba Padre, ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu wa El Porvenir, na ninyi mafundi viatu wenzangu mliofunga karakana leo ingawa ni Jumamosi, familia imeniomba mimi, Wilfredo, mdogo wake marehemu, niisome historia hii, nami naisoma nikiwa na deni kwake, na sababu mtaielewa nikifika katikati.

Dada yetu Etelvina Otiniano Polo alizaliwa tarehe 11 Juni 1958 huko Otuzco milimani, mtoto wa kwanza wa mzee Casimiro na mama Hermelinda, akasoma shule ya msingi hukohuko, mwaka 1970 tukashuka Trujillo, akamaliza masomo ya jioni mwaka 1976 huku mchana akishona ngozi za juu za viatu katika karakana ya baba, kazi aliyoipenda na kuiweza kutushinda sisi sote. Tarehe 20 Februari 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Eleuterio Reyna, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Maribel na Yonel.

Kila Desemba, kama mjuavyo, tulipanda kwa miguu hadi Otuzco kwa sikukuu ya Bikira Maria wa Mlangoni, na kila Novemba nilimtengenezea dada viatu vipya vya safari hiyo, kwa kalibu yake, yaani mfano wa mguu wake wa mbao niliouchonga mwenyewe, namba thelathini na sita. Mwaka 1998 vilimbana. Nikabandika vipande vya ngozi kwenye kalibu kuiongezea ukubwa, nikaandika mwaka kwa penseli kama baba alivyotufundisha, nikamwambia ngozi imesinyaa. Mwaka uliofuata nikabandika tena, na uliofuata tena, hadi tukafika arobaini na moja, kwa maana fundi gani wa mtaa huu humwambia mwanamke mtu mzima kwamba mguu wake umekua? Hata adui yako humwambii, unalaumu ngozi.

Miaka hiyohiyo taya lake lilitanuka, vidole vikanenepa, sauti ikashuka mpaka kwaya ya parokia ikamhamishia kwa wanaume, naye akacheka kuliko wote, na jirani yetu Zoraida, aliyeketi pale mbele na asinikasirikie, alikuwa akimpigia kelele dirishani, "We Etelvina, unazeeka au unageuka Eleuterio?", naye akijibu, "Nageuka, shoga yangu, ficha binti zako!" Kichwa kilipomuuma tulisema ni gundi ya karakana, na alipoanza kugonga mabega milangoni tulisema ni haraka zake.

Tarehe 9 Machi 2009 alivuka barabara bila kuiona pikipiki iliyotokea ubavuni, ikamwangusha. Hospitalini, daktari kijana, Dokta Ludeña, aliitazama mikono yake kabla ya jeraha, akauliza mabadiliko haya yalianza lini. Nikarudi nyumbani, nikaleta kalibu. Daktari alizihesabu tabaka za ngozi, kumi na moja, akasoma mwaka wa kila moja, kisha akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya maharage, iitwayo pituitari, ambayo huamuru mwili ukue, na ya dada ilikuwa imeota uvimbe wa ukubwa wa zeituni, si saratani, lakini miaka yote hiyo uliuamuru mwili uendelee kukua, na sasa ulikuwa umeikandamiza mishipa ya macho. Hakunigombeza, alisema tu, "Laiti mngemleta hata mwaka 2002."

Tarehe 2 Juni 2009 alipasuliwa Lima kwa kupitia puani, uvimbe ukatolewa karibu wote, akaendelea na sindano kila mwezi, vidole vikapungua kidogo, lakini uwezo wa kuona pembeni haukurudi, wala hakushona tena, na moyo ulikuwa umekwisha kupanuka.

Kwa miaka kumi na tano nilishindwa kumwomba msamaha. Mwezi uliopita, kitandani kwake, nilimwambia kwamba ngozi haikusinyaa hata mara moja. Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, mimi nimeshona viatu tangu utotoni, ngozi gani inasinyaa kila Novemba? Nilidhani umerudia pombe, unakosea vipimo, nikaona haya kukuaibisha mbele ya mafundi." Tukacheka, kisha tukalia.

Moyo wake ulisimama jana, tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunamshukuru Dokta Ludeña na wauguzi wote, wanakwaya waliomtengea nafasi, na Zoraida, ambaye tangu ajali ile hakumwacha avuke barabara peke yake. Ninyi mafundi wenzangu, nawashukuru na nawasihi, mteja mtu mzima mguu wake ukikua, mwambieni, akasirike akitaka, ahamie karakana nyingine akitaka, lakini aende hospitali.

Dada, tulioneana haya, na haya hiyo imekula macho yako. Nisamehe. Pumzika kwa amani, mimi sasa nitasema.