Fomu ya Kwenda Msituni

Leo kwenye basi mama mmoja mshonaji alikuwa anamlalamikia mlinzi aliyekaa naye. Binti yake kaleta fomu ya shule, watoto wa mjini wapelekwe msituni siku tatu wakajifunze miti na ndege. "Eti bure, kaka! Nani akubali kumlisha mwanangu siku tatu ili aangalie ndege tu?"

"Labda ndege ndio wamelipa," mlinzi alisema, akacheka peke yake.

"Na hapa wanauliza mtoto anaogopa nini. Ya nini?"

"Ili wasimtishe, dada."

"Au wajue pa kumshikia."

"Haya, jaza basi. Anaogopa nini?"

Mama alishika kalamu vituo viwili vizima. "Kusema kweli sijui. Mimi nikienda kushona huwa namfungia ndani tu."

Basi likasimama, akashuka bila kusaini.