Edinah Chepkosgei na Unga wa Viungo

Edinah Chepkosgei, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964 huko Kuresoi, kifungua mimba katika nyumba ya mabinti wawili. Mdogo wake ni Cheruto, ambaye ameketi hapa mbele na atatajwa tena, apende asipende.

Alisoma Kuresoi hadi darasa la saba, mwaka 1978. Hesabu alizimudu vizuri, lakini mama yao aliugua, na kifungua mimba ndiye aliyeitwa nyumbani. Hilo lilimuuma maisha yake yote, na kila mtoto wake aliyeleta ripoti mbaya alisimuliwa upya.

Akiwa na miaka kumi na sita alianza kuchuma pareto, kazi isiyotaka vidole vizito. Baadaye aligeukia viazi na ng'ombe wa maziwa. Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na Kimaiyo, akahamia hapa Mau Narok, na wakajaliwa Jemutai na Kipruto. Mzee Kimaiyo husema alimpendea mikono, kwa kuwa alimwona akishona mdomo wa gunia la viazi kabla wanaume wawili hawajamaliza kubishana nani ashike kamba.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Mzee Kimeli, aliomba hapa pasomwe tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. "Jemu, hii mambo ya dawa tuache," alisema. "Watu wanakuja kulia, si kuhukumiwa." Jemutai, anayewasomea, anamheshimu sana Mzee. Lakini mama yake aliugua miaka kumi na miwili, na huo si muda mfupi.

Mwaka 2013 aliamka vidole vimekakamaa, visikunjuke hadi saa nne asubuhi. Vifundo vya mikono vikavimba, kisha magoti. Hospitalini Nakuru aliambiwa ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unageuka na kushambulia viungo vyake wenyewe. Akaacha kusalimia kwa mkono, akawa anatoa kiwiko, na kina mama wakasema anaringa. Korona ilipoingia na kanisa zima likaanza kusalimiana kwa viwiko, alicheka mpaka akakaa chini. "Mmechelewa miaka saba," akawaambia.

Dawa za hospitali zilimsaidia, ila polepole, na ilibidi apimwe damu mara kwa mara. Juni 2023 maumivu yalirudi kwa nguvu. Jemutai alimkuta analia kwa kushindwa kufunga vifungo vya sweta, naye akashindwa kuvumilia. Akaenda sokoni kwa mwuzaji mwenye spika, akamletea kopo lisilo na jina, lenye unga ulioitwa mitishamba. Mama akaziweka kando dawa za hospitali. Wiki haikuisha kabla hajaanza kukamua ng'ombe mwenyewe. Akatoa ushuhuda kanisani. Mashavu yakajaa, watu wakasema amenona, na Jemutai akajiona mtoto bora kuliko watoto wote. Mama akamgawia Cheruto unga huo kwa ajili ya magoti yake, na wengi wenu mliopo leo mkauliza unapatikana wapi.

Tarehe 3 Februari 2025 alitapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Jemutai alimfikisha Nakuru akiwa na kopo mkononi. Daktari aligeuzageuza kopo, akauliza mama ametumia unga huo kwa muda gani.

"Karibu miaka miwili."

"Unga kama huu mara nyingi huchanganywa na dawa kali za hospitali, bila kipimo," alisema. "Uso ulivimba, nyinyi mkaona ni afya. Kumbe tumbo lilikuwa linachimbika."

Edinah alifariki tarehe 6 Februari, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini. Alimwambia bintiye asijilaumu. Bintiye anajilaumu.

Juzi, kina mama wakimenya viazi vya wageni, Jemutai alimkuta Cheruto amejibanza nyuma ya jiko, anakoroga unga uleule kwenye chai.

"Mama mdogo, hata leo?"

"Nikiacha hii kitu sitaamka kitandani. Ni wewe utanibeba?"

"Usiache ghafla. Daktari amesema hiyo pia ni hatari. Twende nayo hospitali wakuangalie, wajue vile watakutoa polepole."

"Wacha kwanza tuzike dada yangu," alisema Cheruto, akainywa chai mpaka ikaisha, huku akimwangalia machoni.

Ndiyo maana Jemutai alikataa kuifuta sehemu hii, na ndiyo maana imepigwa chapa kwenye programu mliyoshika. Aibu ya kopo ni yake. Yeye ndiye aliyelinunua, kwa mapenzi, na mapenzi hayakumsaidia mama yake.

Marehemu ameacha mume wake Kimaiyo, watoto wake Jemutai na Kipruto, wajukuu watatu, Kimberly akiwa mkubwa wao, na dada mmoja. Jumatatu saa mbili asubuhi gari litaondoka hapa nyumbani kwenda hospitali Nakuru. Mwenye kopo kama lile aje nalo, hakuna atakayemcheka. Kiti cha mbele ni cha Cheruto.

Mungu ampumzishe Edinah kwa amani. Na wewe, mama mdogo, tafadhali usimfuate.