Orodha Iliyokaa Kabatini

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Ofisa Kilimo, wakulima na wafugaji mliokamua mapema ili muwahi kufika hapa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mume wangu uliyenipigia pasi gauni hili: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmenisifu sana leo ninapostaafu. Mmesema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja chumba changu cha mafaili hakijapoteza faili hata moja. Ni kweli. Niruhusuni basi niwasimulie nilichokipoteza.

Mwaka ule wa janga, masoko yalipofungwa na shule zikaacha kununua maziwa, kaka yangu mkubwa alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Alikamua asubuhi akamwaga mtaroni, na jioni akakamua tena. Serikali ilipotangaza msaada wa fedha kwa mashamba, alijaza fomu mezani kwangu. Baadaye orodha ya waliolipwa ikaletwa ndani ya bahasha, nikaambiwa niifungie kabatini, ni siri ya ofisi. Nikaifungia bila kuisoma, nikajiona mtumishi mwaminifu.

Kaka akaja. "Mdogo wangu, jina langu limo?"

"Subiri, kaka. Taratibu zinaendelea."

Akaja tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Alinitazama kutoka mlangoni, kofia mkononi, akaondoka. Ndugu zangu watumishi, ni nani kati yetu hajawahi kulitamka neno hilo, taratibu, huku ufunguo uko mfukoni mwake?

Aliuza ng'ombe mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Kisha akaenda kuvunja mawe machimboni, mwendo wa siku mbili kutoka hapa.

Kuna mama mfugaji tunayemwita Mama Madumu. Kila Jumanne, kwa miezi saba, alikuja na barua ya kuomba orodha ibandikwe hadharani. Nilimwambia orodha ni ya ofisi. Akanijibu kwa upole, "Fedha ni za umma, mwanangu, na umma ndio sisi." Kisha akakaa kwenye benchi la korido akifuma sweta. Tulimcheka sana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Yuko hapa leo, kajificha safu ya nyuma, wakati nafasi yake ni meza kuu.

Bwana Ofisa Kilimo, ulikuwa na wiki moja tu hapa ulipoisoma barua ile. Uliisoma umesimama, ukaniambia neno moja: "Bandika." Nikabandika kwa mkono wangu. Ukurasa wa nne nikakuta jina la kaka, shamba lake, kiasi kamili, na namba ya simu iliyokosewa tarakimu moja. Fedha zake zilikwenda kwa mtu asiyemjua. Siku hiyo wakulima arobaini waligundua makosa kama hayo, na ndani ya miezi miwili wote wakalipwa.

Nilimpigia. "Kaka, jina lako lilikuwemo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nikasikia nyundo zikigonga mawe. "Kwa hiyo ulikuwa unashinda nalo chumba kimoja," akasema. Hakufoka. Laiti angefoka. Akauliza tu mtamba mwekundu yuko kwa nani siku hizi.

Fedha zake zilirudi, yeye hakurudi. Huu ni mwaka wa nne. Natamani kumsikia akipiga mluzi anapoingia uani, natamani hata ubishi wake wa mezani, ule wa kushindania mambo ambayo wote wawili hatuyajui.

Binti yangu unayepokea ofisi, mtu akikuuliza kama jina lake limo, mfungulie aone.

Mimi kesho nina tiketi ya basi la alfajiri. Kaka sijamwambia. Sijui atanipokea vipi, ila neno la kuomba radhi haliwezi kupelekwa kwa simu.

Nawashukuru wote kwa kunitegea sikio mpaka mwisho.